Pikapu ya dizeli yenye kilomita 400,000: uinunue au uiache?

Anayetafuta pikapu ya dizeli iliyotumika hukutana mapema na tarakimu za kutisha kwenye dashibodi: kilomita 300,000, 400,000, wakati mwingine nusu milioni. Muuzaji husema dizeli haifi. Rafiki aliyekusindikiza husema gari hilo limeshakwisha. Wote wawili wanaweza kuwa sahihi, kwa sababu namba wanayobishania inaeleza jambo moja tu, nalo ni umbali ambao magurudumu yamezunguka. Haielezi injini ilinguruma saa ngapi, ilibeba mzigo gani, ilibadilishwa oili mara ngapi, wala mikono ya nani ilishika spana.

Ninachotaka kukionyesha hapa ni kwamba kwenye dizeli ya kilomita nyingi, kinachomfilisi mnunuzi mara nyingi si injini yenyewe. Ni vitu vilivyofungwa kuizunguka, yaani injekta (vipulizia mafuta), pampu ya dizeli, turbo (feni inayosukuma hewa kwenye injini), chujio la masizi la ekzosi, klachi, rejeta, pamoja na kazi ambazo mwenye gari aliyepita alipaswa kuzifanya akaziahirisha hadi akaamua kuuza. Unanunua gari pamoja na deni lake la matengenezo. Bei iliyobandikwa kwenye kioo ni nusu ya habari.

Kinachodumu na kisichodumu

Dizeli haina plagi za cheche. Hewa hukandamizwa ndani ya silinda hadi ujazo wake unapungua mara 15 hadi 22, inapata joto la kupita nyuzi 500, kisha mafuta hupulizwa ndani na kuwaka yenyewe. Rudolf Diesel alifanikiwa kuonyesha injini ya namna hii mwaka 1897, na kanuni hiyo haijabadilika. Ili bloku, krenki shafti, pistoni na beringi zihimili mkandamizo huo, hutengenezwa nene kuliko za injini ya petroli, na injini hufanya kazi kubwa katika mizunguko michache, mara nyingi kati ya 1,500 na 3,000 kwa dakika. Chuma kinene kinachozunguka polepole huchelewa kuchakaa. Hapo ndipo sifa ya dizeli ilipotoka, na ni sifa ya kweli.

Lakini mkandamizo huohuo unalazimisha mafuta yaingie kwa nguvu kubwa zaidi. Kwenye dizeli za zamani zenye pampu ya kimekanika, nozeli hufunguka kwa shinikizo la bar mia moja na kitu hadi mia mbili na kitu. Kwenye mfumo wa komonireli, ambapo injekta zote hulishwa na bomba moja la shinikizo kubwa liitwalo reli, na ambao umeenea kwenye pikapu tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, shinikizo hufika bar 1,300 na kwa nyingi hupita 2,000. Matundu ya injekta yana upana wa milimita 0.1 hadi 0.2 hivi. Maji kidogo kwenye tangi, filta ya bei rahisi, au fundi aliyefungua bomba la mafuta bila kufuta vumbi kwanza, vinatosha kuanza kuziua injekta zote. Bloku ileile inaweza kwenda kilomita 600,000 huku injekta zake zikiwa zimebadilishwa mara mbili au tatu njiani. Kwa hiyo muuzaji anaposema injini haijawahi kufunguliwa, mjibu vizuri tu, kisha umuulize injekta zilibadilishwa lini.

Swali linalofuata ni la aina ya injini, na hapa jina la gari lina uzito mdogo kuliko watu wanavyodhani. Hilux mbili zinazofanana kwa sura zinaweza kuwa na tabia tofauti kabisa chini ya boneti. Injini ya Toyota 1HZ ya lita 4.2, iliyoko kwenye Land Cruiser nyingi za kazi, haina turbo wala kompyuta ya kusimamia mafuta. Haina mbio, inakunywa, na inavumilia mafuta machafu na mafundi wa kawaida. Kilomita 400,000 kwenye injini hiyo iliyotunzwa si habari ya kushangaza. Injini ya 1KD ya lita 3.0, iliyokuwa kwenye Hilux za kuanzia 2005, ina nguvu zaidi na inakula kidogo, lakini ina ugonjwa unaojulikana: sili za shaba zinazokaa chini ya injekta zikianza kuvuja, moshi wa mwako hupenya hadi kwenye oili, masizi hugeuka lami na kuziba kichujio cha mdomo wa pampu ya oili ndani ya karteri, bakuli la oili lililo chini ya injini. Mwenye gari haoni dalili kubwa mpaka taa ya oili iwake, na wakati huo beringi zimeshaanza kuumia. Anayenunua gari lenye injini hiyo na kilomita nyingi asikubali kufungiwa injekta mpya tu. Karteri nayo ishushwe, kichujio kitazamwe.

Kila injini ina ugonjwa wake wa namna hiyo. Nissan YD25 ya lita 2.5 inajulikana kwa cheni ya taimingi (inayopatanisha krenki shafti na valvu) inayolegea kabla ya wakati. Mitsubishi 4D56 ina mikanda miwili, wa taimingi na wa shafti za kusawazisha mtetemo, na huo mdogo ukikatika unaweza kunasa kwenye mkubwa na kuharibu valvu. Kwenye Ford ya lita 3.2 yenye silinda tano, oili ikimwagwa na kuachwa wazi muda mrefu wakati wa kubadilisha, pampu yake inaweza kushindwa kuvuta tena, kwa hiyo ni muhimu kujua nani alikuwa akiimwaga. Kwa pikapu kubwa za Marekani, Cummins ya lita 5.9 yenye valvu 12 inaheshimiwa kwa sababu taimingi yake ni ya gia na pampu yake ni ya kimekanika, ilhali Power Stroke ya lita 6.0 ya miaka ya 2003 hadi 2007 imewatoa jasho wengi kwa gasketi za silinda hedi na vipoza vya EGR, mfumo unaorudisha sehemu ya moshi wa ekzosi kwenye injini. Zipo pia pikapu zilizofungwa pampu ya shinikizo la juu aina ya CP4, ambayo ikisagika ndani humwaga vumbi la chuma kwenye mfumo mzima, hadi injekta na mabomba. Ukarabati wake unaweza kukaribia thamani ya gari lenyewe.

Kwa hiyo kabla hujaenda kuona gari, jua aina ya injini yake, kama 1HZ au YD25, na usome juu yake. Saa moja ya kusoma habari za injini hiyo inafaa kuliko siku nzima ya kulizunguka gari ukigongagonga matairi.

Saa za injini

Kilomita ni kipimo cha magurudumu. Injini yenyewe huchakaa kwa saa. Baadhi ya pikapu huonyesha saa za injini kwenye dashibodi, nyingine huzitoa zikiunganishwa na mashine ya uchunguzi. Zikipatikana, gawanya kilomita kwa saa. Tuseme gari la kwanza lina kilomita 180,000 na saa 7,500: wastani wake ni kilomita 24 kwa saa. La pili lina kilomita 400,000 na saa 6,000: wastani wake unakaribia 67. Hilo la pili, linalokimbiwa na kila mnunuzi, limefanya kazi saa chache zaidi, na nyingi kati ya hizo limekuwa barabara kuu likiwa na joto la kutosha na hewa ikipita vizuri kwenye rejeta. La kwanza limeshinda likinguruma pale pale kwenye eneo la ujenzi, au likisubiri mizigo, au likitambaa kwenye foleni.

Kunguruma bila kutembea kunaiumiza dizeli kuliko inavyoonekana. Injini inabaki na joto dogo, mafuta hayaungui yote, mengine huosha oili kwenye kuta za silinda, na masizi hujaa kwenye EGR na njia za hewa. Kadirio linalotumiwa sana ni kuhesabu saa moja ya namna hiyo sawa na kilomita 40 hivi za safari. Si sayansi kamili, ila linatosha kukuonyesha kwamba gari "la kilomita chache" linaweza kuwa limechoka.

Pasipo na saa, uliza kazi. Gari lililokuwa likivuta trela zito milimani limechosha klachi, difu na turbo. La shambani linaweza kuwa na injini nzuri na vumbi kila mahali, pamoja na mahali ambapo vumbi halitakiwi. La kampuni mara nyingi lina kumbukumbu za matengenezo kwa sababu mhasibu alizidai, lakini pia limeendeshwa na watu kumi ambao hakuna hata mmoja aliyeliita lake. Binafsi ningechukua la kampuni lenye daftari kuliko la mtu mmoja asiye na karatasi hata moja. Risiti za oili kila kilomita 5,000 au 10,000, zenye tarehe na kilomita zinazopanda kwa mpangilio, ni ushahidi ambao ni vigumu kuupika.

Na kilomita zenyewe? Namba kwenye dashibodi hurudishwa nyuma, tena kirahisi. Linganisha na vitu ambavyo watu husahau kuvibadilisha: raba ya pedali ya klachi iliyolika hadi chuma, usukani uliong'aa, mkanda wa kiti wa dereva unaojirudisha kwa uvivu. Ubavuni mwa tairi kuna tarakimu nne za wiki na mwaka wa kutengenezwa, kwa mfano 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Gari linalodai kilomita 40,000 tangu kutoka kiwandani huku matairi yake ni machanga kuliko lenyewe kwa miaka mingi lina maswali ya kujibu. Kwenye baadhi ya magari, kilomita hubaki pia kwenye kompyuta nyingine, kama ya gia au ya breki, ambazo mrudishaji hakuzikumbuka. Angalia vilevile kama dashibodi inahesabu maili: 250,000 za maili ni kilomita 400,000 na ushei.

Likaguliwe likiwa baridi

Mwambie muuzaji mapema asiliwashe kabla hujafika. Ukifika weka kiganja juu ya boneti. Likiwa na joto, rudi siku nyingine au usubiri lipoe kabisa, hata kama atakuambia alilisogeza tu kidogo. Dizeli iliyochoka huficha magonjwa yake mengi ikishapata moto.

Kabla ya kuwasha, chomoa kijiti cha oili. Oili nyeusi isikutie wasiwasi, kwa dizeli ni kawaida hata siku chache baada ya kubadilishwa. Kinachotia wasiwasi ni oili iliyopita alama ya juu, nyepesi, yenye harufu ya dizeli. Hapo mafuta yanashuka kwenye karteri, ama kwa injekta inayovuja ama kwa chujio la masizi linalojaribu kujisafisha mara kwa mara bila kumaliza. Oili iliyopungua mtu anaweza kuijaza. Iliyopanda ina chanzo ambacho hakijatibiwa. Rangi ya maziwa ina maana maji yameingia. Fungua kifuniko cha rejeta likiwa bado baridi: maji yawe na rangi ya dawa yake, bila utando wa mafuta juu na bila kutu. Ukisikia pumzi ya shinikizo ikitoka kwenye rejeta iliyolala usiku kucha, shuku gasketi ya silinda hedi.

Sasa liwashwe, wewe ukiwa nyuma kwenye ekzosi na si ndani ya gari. Subiri hita plagi (vipasha joto vya silinda) zimalize kazi yake ndipo funguo igeuzwe. Injini nzima hushika ndani ya sekunde chache. Wingu jeupe linalochoma macho na kutoweka baada ya nusu dakika asubuhi yenye baridi linaweza kuwa hita plagi moja iliyokufa, jambo dogo. Weupe unaoendelea huku injini ikikatakata ni mkandamizo mdogo au injekta mbovu. Weupe wenye harufu tamu, pamoja na maji yanayopungua, ni maji yanayoungua ndani ya silinda. Moshi wa bluu ni oili, na hapo inabidi ujue inatoka wapi: ikitoka baada ya kushuka mteremko mrefu bila kukanyaga mafuta, mara nyingi ni sili za valvu au turbo, ikitoka muda wote, ni ringi za pistoni. Mweusi ni mafuta kuzidi hewa. Hewa inaweza kuwa imepungua kwa sababu ya filta chafu, bomba la turbo lililopasuka au EGR iliyokwama, na mafuta yanaweza kuwa yamezidi kwa sababu ya injekta zilizolika au mtu aliyechezea pampu ili gari lipate nguvu. Mweusi kidogo unapokanyaga ghafla kwenye dizeli ya zamani ni kawaida yake. Pikapu yenye chujio la masizi haipaswi kutoa moshi mweusi kabisa. Ikitoa, chujio limetobolewa au limeondolewa.

Injini ikiwa inanguruma, legeza kifuniko cha kujazia oili na ukiweke juu ya tundu lake bila kukifunga. Kikitetemeka tu, sawa. Kikirukaruka na mvuke kutoka kwa kishindo kama bomba la treni, gesi za mwako zinapita kwenye ringi na kushuka kwenye karteri. Kwangu mimi hiki ndicho kipimo cha bure chenye thamani kuliko vyote, kwa kuwa kinagusa kitu ambacho hakirekebishwi bila kufungua injini. Hakikisha tu kwamba bomba la kupumulia la karteri halijaziba, maana nalo huleta dalili hiyohiyo.

Kisha safari. Si ya kuzunguka mtaa, bali ya nusu saa au zaidi, yenye mlima na sehemu ya kukimbia. Geji ya joto ipande hadi mahali pake na ikae hapo. Kwenye mlima, weka gia kubwa kuliko inayofaa, kanyaga mafuta yote, usikilize: mizunguko ikipanda bila mwendo kupanda, klachi inateleza. Sauti ya king'ora inayoongezeka na mizunguko inaelekea kwenye turbo, ambayo huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika na hufa haraka ikikosa oili. Mlio unaofuata mwendo wa gari, usiobadilika ukitoa gia, unatoka kwenye difu au beringi za magurudumu. Ingiza magurudumu manne, kwa gia kubwa na ndogo, mahali penye udongo uliolegea. Watu hununua pikapu kwa ajili ya mfumo huo kisha wakagundua baada ya miezi kwamba haujaingia kwa miaka.

Ukirudi, zima. Subiri dakika kumi, washa tena. Dizeli ya komonireli inayoshika vizuri ikiwa baridi lakini inazungushwa muda mrefu ikiwa moto inakuambia kwamba mafuta, yakishakuwa mepesi kwa joto, yanavuja kurudi nyuma kupitia injekta au pampu iliyolika na shinikizo halifikii kiwango. Wauzaji wengi hawalijui jaribio hili, kwa hiyo hawajiandai nalo.

Baada ya hapo mlipe fundi, asiwe rafiki wa muuzaji. Kwa mashine ya uchunguzi aangalie shinikizo la reli, marekebisho ambayo kompyuta inafanya kwa kila injekta, na kilomita zilizopita tangu makosa yafutwe mara ya mwisho. Taa ya injini isiyowaka haimaanishi kitu ikiwa makosa yamefutwa asubuhi hiyo. Kipimo cha marejeo, ambapo vichupa vidogo huwekwa kwenye bomba la kurudishia la kila injekta, kinaonyesha waziwazi ipi inavuja kuliko wenzake. Kipimo cha mkandamizo ni kazi kubwa zaidi kwenye dizeli, lakini kwa gari la kilomita nyingi kinastahili gharama yake. Injini nyingi nzima huonyesha kati ya bar 25 na 35, na muhimu kuliko namba yenyewe ni silinda zote kukaribiana.

Sampuli ya oili nayo inaweza kupelekwa maabara. Silikoni nyingi ni vumbi lililopita kwenye filta ya hewa. Shaba na risasi zinaelekeza kwenye beringi. Sodiamu na potasiamu zinaelekeza kwenye maji ya rejeta. Ila kama muuzaji amebadilisha oili jana ili gari lionekane limetunzwa, usipoteze hela, oili mpya haina habari yoyote.

Chuma cha chini

Injini inaweza kubadilishwa. Chasisi iliyooza kwa kawaida ndiyo mwisho wa gari. Mwaka 2016 Toyota ilikubali nchini Marekani kumaliza kesi kwa kubadilishia wateja chasisi zilizoliwa na kutu kwenye pikapu za Tacoma na Tundra za miaka fulani, na huyo ni mtengenezaji anayesifiwa kwa uimara. Gari lililokaa pwani, au kwenye nchi zinazomwaga chumvi barabarani wakati wa theluji, likaguliwe chini yake kwa tochi na nyundo ndogo. Gonga. Chuma kizima hulia, kilichooza hutoa sauti ya kufa. Rangi nyeusi mpya iliyopakwa chini nzima wiki moja kabla ya kuuza ni sababu ya kugonga zaidi.

Kisha simama ubavuni mwa gari, mbali kidogo, utazame mwanya kati ya kabini na bodi la nyuma. Ukiwa mpana juu kuliko chini, chasisi imeinama kwa mzigo uliozidi uwezo wake. Tafuta nyufa na alama za kuchomelea nyuma ya kabini na kwenye vishikizo vya springi. Majani ya ziada ya springi yana maana kwamba mwenyewe alijua alichokuwa akibeba. Gia boksi, propela na bushi sina mengi ya kusema juu yake: huchakaa, hubadilishwa, na bei zake zinajulikana.

Hesabu

Baada ya ukaguzi andika orodha ya kila kazi inayodaiwa sasa au itakayodaiwa ndani ya kilomita 50,000 zijazo. Mkanda wa taimingi ambao hauna risiti uhesabiwe kuwa haujawahi kubadilishwa. Kwenye injini za Toyota za KD kuna taa ya T-BELT inayowaka mkanda ukifika wakati wake, lakini taa hiyo huzimwa kwa dakika moja bila mkanda kuguswa, na wapo waliofanya hivyo.

Tuseme pikapu ya kwanza inauzwa kwa 100, kwa kipimo chochote cha fedha, haidai kitu, ina kilomita 220,000. Ya pili inauzwa 65 na ina kilomita 400,000, ila inadai injekta 16, klachi 8, matairi na breki 9, mkanda na pampu ya maji 4. Jumla yake ni 102. Kwa karatasi umepoteza. Lakini sasa ya pili ina injekta, klachi na matairi mapya, wakati ya kwanza inazielekea gharama hizohizo. Hapo jibu linategemea mambo mawili: je, kifuniko cha oili kilitulia, na je, chasisi ni nzima? Kama yote ni ndiyo, hiyo ya kilomita 400,000 inaweza kuwa ununuzi mzuri, hasa ukitumia orodha yako kushusha bei. Kama mojawapo ni hapana, vipuri vyote hivyo vipya vitafungwa kwenye gari linalokufa, na hakuna punguzo litakalokuokoa.

Usisahau hali yako mwenyewe. Mtu anayepeleka watoto shule kilomita nne na kurudi, mara moja kwa mwezi akabeba kitanda, hahitaji dizeli, hasa ya kisasa. Chujio la masizi hujisafisha kwa kuunguza masizi kwenye joto la nyuzi 600 hivi, na joto hilo halipatikani kwenye safari fupi. Linaziba, gari linapungua nguvu, oili inachanganyika na mafuta. Majivu yanayobaki ndani hayaungui hata kwa safari ndefu, kwa hiyo kwenye gari la kilomita nyingi chujio hilo lina mwisho wake na bei yake iwekwe kwenye orodha. Kulitoboa ni kinyume cha sheria katika nchi nyingi na kunaweza kukufelisha ukaguzi wa gari. Kwa mtu wa namna hiyo, pikapu ya petroli yenye kilomita chache ni jibu bora hata kama inakunywa zaidi.

Na yupo asiyepaswa kununua dizeli yoyote ya kilomita nyingi: yule ambaye akilipa bei habaki na kitu. Weka kando angalau robo ya bei ya ununuzi kwa mwaka wa kwanza. Hicho ni kiwango changu, si kanuni ya mtu mwingine, na sijaona sababu ya kukishusha. Gari hili pia lisiwe ndilo pekee linalokuletea riziki kuanzia siku ya kwanza. Linahitaji miezi michache ya kufahamiana kabla ya kupewa safari isiyoweza kuahirishwa.

Ukishanunua, wiki ya kwanza ibadilishwe oili ya injini, ya gia boksi, ya difu zote na ya gia ya kugawa nguvu, pamoja na maji ya rejeta na filta zote. Filta ya zamani ya oili ikatwe wazi na karatasi yake ikunjuliwe juani: punje zinazong'aa ni beringi. Mafuta yaliyobaki kwenye filta ya dizeli yamiminwe kwenye glasi na kuachwa yatulie usiku mmoja, uone kama kuna maji au vumbi la chuma chini. Mkanda wa taimingi usio na risiti ubadilishwe wiki hiyohiyo, na injekta zikibadilishwa, fundi aingize namba zake za utambulisho kwenye kompyuta, la sivyo injini itatetemeka na utadhani umeuziwa mbovu. Kilomita 1,000 za mwanzo, pima oili na maji kila asubuhi kabla ya kuwasha, uandike.